Plagi za gari: Namna ya kubadilisha mwenyewe nyumbani bila kuharibu injini

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MADEREVA na wamiliki wa magari madogo katika mikoa ya Shinyanga na Geita wanaifahamu vyema hali hii. Gari huwaka kwa tabu asubuhi, hutetema likiwa limesimama, hupoteza nguvu linapopanda kilima na hunywa petroli kuliko kawaida yake. Wenyewe husema gari "linamisi". Wengi hulipeleka gereji wakiamini kuwa injini imekwisha, ilhali mara nyingi chanzo chake ni kifaa kidogo kisichozidi urefu wa kidole, yaani plagi.

Kubadilisha plagi ni miongoni mwa kazi chache za gari ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzifanya nyumbani kwa muda wa chini ya saa moja, iwapo ana vifaa sahihi na subira. Hata hivyo, ni kazi ambayo ikifanywa kwa pupa inaweza kuharibu kichwa cha injini na kumtia mwenye gari katika gharama kubwa kuliko ile aliyotaka kuikwepa. Makala haya yanaeleza kazi ya plagi, namna ya kuibadilisha, na mambo ambayo plagi ya zamani inaweza kumweleza mwenye gari kuhusu afya ya injini yake.

Kwa nini suala hili ni muhimu Kanda ya Ziwa

Tangu Mgodi wa Dhahabu wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, ukifuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, miji ya Kahama, Geita na Katoro imekua kwa kasi. Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Watu, bidhaa na fedha vimeongezeka barabarani, na magari yameongezeka pia.

Mengi ya magari hayo ni yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, hususan Toyota Probox na Toyota IST, ambayo yote mawili yaliingia sokoni huko mwaka 2002. Yale yanayobeba abiria kutoka mji mmoja hadi mwingine ndiyo wananchi huyaita michomoko. Kwa vijiji vingi vilivyo mbali na barabara za mabasi, mchomoko ndio usafiri wa kwenda mnadani, shuleni na hospitalini.

Hapa ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Gari linalozimika usiku porini likiwa na mgonjwa anayewahishwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza si usumbufu mdogo. Halikadhalika, dereva anayelipa hesabu ya tajiri kila jioni hawezi kumudu siku mbili za kulala gereji kwa tatizo ambalo lingezuilika kwa ukaguzi wa dakika chache.

Plagi ni nini na inafanya kazi gani

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuunguza mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Mchanganyiko huo haujiwashi wenyewe. Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuuwasha kwa wakati unaotakiwa, na mlipuko unaotokea huisukuma pistoni chini.

Ili cheche iruke kati ya ncha mbili za plagi, umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri hukuzwa na koili hadi kufikia maelfu mengi ya volti, mara nyingi zaidi ya 20,000. Mfumo wa plagi pamoja na umeme wa msongo mkubwa ulianza kuenea baada ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani kuutoa mwaka 1902. Kanuni yake haijabadilika sana tangu wakati huo.

Katika injini za aina hii, kila plagi hutoa cheche moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Maana yake ni kwamba injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huifanya kila plagi itoe cheche 1,500 kwa dakika hiyo moja. Katika safari ya saa mbili kwa mwendo huo, plagi moja huwa imetoa cheche 180,000. Kila cheche hula chembe ndogo ya chuma kwenye ncha zake, hivyo pengo lililo kati ya ncha hizo hupanuka siku hadi siku.

Pengo likipanuka, umeme mkubwa zaidi huhitajika ili cheche iruke. Koili hulazimika kufanya kazi kupita kiasi na hatimaye huungua. Petroli isiyoungua nayo hupita kwenye bomba la moshi na kuharibu kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wengi hukiita masega. Hivyo, kuchelewa kubadilisha plagi nne kunaweza kumgharimu mtu koili na masega pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni wakati gani wa kubadilisha

Plagi za kawaida, ambazo ncha zake ni za nikeli, kwa kawaida hudumu kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Zile zenye ncha za platinamu au iridiamu zinaweza kufikisha kilomita 100,000, kulingana na muundo wake. Sababu ni ugumu wa madini yenyewe. Nikeli huyeyuka katika nyuzijoto 1,455 za Selsiasi, platinamu katika nyuzijoto 1,768 na iridiamu katika nyuzijoto 2,446.

Kipimo sahihi ni kilomita na si miezi. Chukulia gari la nyumbani linalotembea kilomita 40 kwa siku. Litafikisha kilomita 30,000 baada ya siku 750, yaani zaidi ya miaka miwili. Lakini mchomoko unaotembea kilomita 200 kila siku utafikisha umbali huo katika siku 150, yaani miezi mitano tu. Dereva anayesema "nilibadilisha plagi mwaka jana" huenda amekwishapitiliza zaidi ya mara mbili.

Ni vyema pia ikaeleweka kuwa si kila gari lina plagi za namna hii. Magari ya dizeli, kama vile Land Cruiser nyingi zinazotumika migodini, huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyokandamizwa ndani ya silinda. Plagi zilizomo katika baadhi ya injini hizo ni za kupasha joto wakati wa kuwasha gari, na maelezo ya makala haya hayazihusu.

Kununua plagi sahihi

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Wanunuzi wengi huomba "plagi za Toyota" bila kutaja injini. Jambo la kuangalia ni namba iliyoandikwa kwenye plagi yenyewe au katika kitabu cha gari. Namba hiyo hueleza upana na urefu wa nyuzi zake, pamoja na uwezo wa plagi kupoteza joto.

Uwezo huo wa kupoteza joto una maana kubwa. Ncha ya plagi hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzijoto 500 na 850 hivi. Ikiwa baridi mno, masizi hayaungui na hujikusanya. Ikiwa na joto kupindukia, huwasha petroli kabla ya wakati na inaweza hata kutoboa pistoni. Watengenezaji hutumia namba tofauti kuonyesha jambo hilohilo. Kwa mfano, namba 16 ya kampuni ya Denso hulingana na namba 5 ya kampuni ya NGK, na namba 20 ya Denso hulingana na namba 6 ya NGK. Kwa hiyo, muuzaji akikupa plagi ya kampuni nyingine, usilinganishe tarakimu kwa macho tu.

Kosa la pili ni kununua bidhaa bandia. Tume ya Ushindani, ambayo husimamia mapambano dhidi ya bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, imekuwa ikikamata na kuteketeza bidhaa za aina mbalimbali nchini. Vipuri vya magari navyo havijasalimika na tatizo hilo. Plagi ya bandia inaweza kutambuliwa kwa dalili kadhaa: maandishi yaliyofifia au yanayofutika kwa kidole, ncha mbili zisizokaa sawasawa, nyuzi zenye makwaruzo na washa inayochomoka kwa urahisi. Nunua katika duka linalotoa risiti, ili ukiwa na malalamiko uwe na ushahidi mkononi.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa Probox na IST zenye injini ya 1NZ-FE ambayo ni maarufu sana nchini, vifaa vinavyotakiwa ni vichache. Andaa soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani wa kushikilia plagi, chuma cha kurefushia soketi, mpini wake wa kuzungushia, soketi au spana namba 10, kipimo cha pengo na kitambaa safi. Baadhi ya injini za zamani hutumia soketi ya plagi namba 21.

Ongeza pampu ya baiskeli, chombo ambacho ni rahisi kukipata Shinyanga, mji ambao baiskeli zimebeba abiria kwa miaka mingi. Umuhimu wake utaonekana hivi punde.

Hatua kwa hatua

Kwanza, egesha gari mahali tambarare na penye hewa ya kutosha, zima injini na iache ipoe angalau kwa saa moja. Kichwa cha injini nyingi za sasa kimetengenezwa kwa aluminiamu. Kikiwa cha moto, nyuzi zake hung'oka kwa urahisi pamoja na plagi. Usivute sigara karibu na gari, waweke watoto mbali na uondoe ufunguo kwenye swichi.

Pili, fungua boneti na uondoe mfuniko wa plastiki ulio juu ya injini, iwapo upo. Utaona koili nne zilizopangwa kwa mstari, kila moja ikiwa imeshikiliwa na bolti moja ya namba 10.

Tatu, kabla ya kufungua chochote, safisha eneo hilo kwa upepo wa pampu. Katika ukanda huu hatua hii haipaswi kurukwa. Barabara kama ile ya Kahama kwenda Kakola, yenye urefu wa kilomita 73, kwa miaka mingi ilijulikana kwa vumbi lake, na njia nyingi za kuelekea machimboni bado ni za vumbi. Vumbi hilo hutulia kuzunguka koili na ndani ya matundu ya plagi. Ukichomoa plagi bila kulipuliza, mchanga huingia moja kwa moja ndani ya silinda na kuikwaruza.

Nne, anza na silinda moja tu. Bonyeza kishikizo cha soketi ya umeme, ichomoe bila kuvuta waya, fungua bolti, kisha zungusha koili kidogo kushoto na kulia huku ukiivuta juu. Puliza tena ndani ya tundu kabla ya kuendelea.

Tano, ingiza soketi ya plagi ikae sawasawa na ufungue kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa. Ikiwa ngumu, usitumie nguvu za ghafla. Legeza kidogo, rudisha, kisha legeza tena. Ikikataa kabisa, acha na umwite fundi.

Sita, pima pengo la plagi mpya. Kwa injini ya 1NZ-FE pengo la plagi za kawaida ni milimita 1.1, na kwa magari mengine fuata kitabu chake. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba, kati ya milimita 0.4 na 0.6, ambayo huvunjika upesi. Pengo lake hupangwa kiwandani, hivyo usilikunje.

Saba, ifunge plagi mpya kwa mkono, bila mpini, ukiwa umeshika chuma cha kurefushia kwa vidole tu. Inapaswa kuingia kwa wepesi kwa mizunguko kadhaa. Ikikwama baada ya mzunguko mmoja, imeingia upande. Itoe na uanze upya. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na hasara, kwa kuwa nyuzi za aluminiamu zikikatika, kichwa cha injini huenda kikalazimika kufunguliwa na kuchongwa.

Nane, plagi ikishagusa chini, ikaze kwa mpini. Kwa plagi mpya yenye washa, nusu mzunguko hadi theluthi mbili ya mzunguko inatosha. Kwa plagi isiyo na washa, yenye kikalio cha mteremko, sehemu moja ya kumi na sita ya mzunguko inatosha. Mwenye spana ya kupima mkazo afuate kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usiisimamie spana kwa nguvu za mwili mzima.

Tisa, rudisha koili, funga bolti yake na uchomeke waya hadi usikie mlio mdogo. Ndipo uhamie silinda inayofuata. Kubadilisha moja baada ya nyingine kuna faida ya pekee kwa magari ya zamani yanayotumia waya za plagi. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na waya mbili zikibadilishana nafasi, gari halitatulia au halitawaka kabisa.

Mwisho, washa gari likiwa mahali pa wazi. Moshi wa injini ya petroli una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Tahadhari hiyo ni nzito zaidi kwa wachimbaji wadogo wanaotumia pampu za maji za petroli, ambazo nazo zina plagi. Pampu hizo zisiwashwe ndani ya shimo kwa hali yoyote.

Plagi ya zamani inakueleza nini

Usitupe plagi ulizotoa kabla ya kuzitazama. Zipange kwa mpangilio wa silinda zilimotoka, kwani rangi ya ncha zake ni taarifa ya uchunguzi isiyolipiwa.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu huonyesha kuwa injini inaunguza vizuri. Masizi meusi na makavu huonyesha petroli nyingi au hewa kidogo, na chanzo chake chaweza kuwa chujio la hewa lililoziba kwa vumbi. Katika hali hiyo, plagi mpya zitaharibika upesi kama chujio halitasafishwa au kubadilishwa.

Plagi iliyolowa oili nyeusi ni habari mbaya zaidi. Huenda ringi za pistoni zimelika, na vumbi linalopita kwenye chujio lililochanika ni mojawapo ya mambo yanayozilika. Lakini ikiwa oili ipo nje ya plagi, ndani ya tundu tu, mara nyingi kilichoharibika ni mpira wa mfuniko wa injini, ambao ni kazi ndogo. Ni vyema mwenye gari akaijua tofauti hiyo kabla ya kukubali injini yake ifunguliwe.

Plagi nyeupe mno au iliyoanza kuyeyuka huashiria joto la kupindukia. Sababu zake ni pamoja na plagi isiyo ya namba yake, mfumo mbovu wa kupoza injini au petroli duni. Wasomaji watakumbuka enzi za uchakachuaji, pale mafuta ya taa yalipochanganywa na petroli kwa sababu ya tofauti ya bei. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Injini inayogonga mara baada ya kujaza mafuta katika kituo fulani bado ni dalili ya kutiliwa maanani.

Mazoea ya kuacha

Kusugua plagi kwa msasa na kuirudisha ni mazoea ya miaka mingi. Plagi ya nikeli ikisuguliwa inaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini pengo lake lililopanuka linabaki palepale, na punje za msasa zinaweza kudondokea ndani ya silinda. Plagi ya iridiamu haipaswi kusuguliwa kabisa.

Vilevile, kubadilisha plagi moja iliyokufa na kuziacha tatu ni akiba isiyo ya kweli, kwani zote zimefanya kazi sawa. Zibadilishwe zote kwa pamoja, na kilomita za siku hiyo ziandikwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ndani ya gari.

Iwapo gari litaendelea kutetema baada ya kuwekewa plagi mpya, zima injini na uhamishe koili ya silinda inayoshukiwa iwekwe kwenye silinda nyingine, kisha washa tena. Tatizo likihama pamoja na koili hiyo, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, chanzo ni kingine, na huo ndio wakati wa kumwona fundi. Mwenye gari atakayefika gereji akiwa na plagi zake za zamani mkononi, akijua ipi imetoka silinda ipi, atampunguzia fundi kazi ya kubahatisha na atajipunguzia mwenyewe gharama ya vipuri asivyovihitaji.